Kakakuona wa Nyamizi
Sehemu ya Saba

Msomaji, ile sauti aliyoisikia Nyamizi ng'ambo ya ukuta wa mbao ilikuwa ya mumewe.

Hakukosea. Mwanamke hawezi kukosea kikohozi cha mtu aliyelala naye miaka minne. Onesmo, baba wa mwanawe, yule aliyempigia simu jana akasema yuko machimbo ya Nyarugusu, shimoni, na hapewi ruhusa hata ya nusu siku, alikuwa hapa hapa mjini Geita, hatua nne kutoka alipoketi yeye.

Nyamizi alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, kwenye stoo ya vipuri vya makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Mgongoni mwanawe Mariana, miezi minane, amelala. Miguuni kapu lililofunikwa kaniki. Ndani ya kapu, amejiviringa kama mpira, kakakuona.

Alimwona siku tatu zilizopita kwenye shamba lake la pamba kule Kishapu. Na kwao, kakakuona akitokea ni mgeni wa kijiji kizima. Aliyemwona ndiye anayemshika, mkono mwingine haumgusi. Watu hukusanyika, mbele yake huwekwa maji, nafaka na silaha. Akielekea maji, mvua itakuja. Akielekea nafaka, watu watashiba. Akielekea silaha, ni damu. Halafu yule yule aliyemwona anamrudisha porini.

Mtendaji wa kijiji alikwisha kuarifiwa. Kila kitu kilikuwa wazi. Ndipo Onesmo akapiga simu: "Mzee Masalu, yule anayejua maneno ya kumwuliza mgeni, anaumwa, yuko Geita kwa mwanawe. Anataka mgeni aletwe. Mama nimeshamwambia. Umlete wewe, maana wewe ndiye uliyemwona. Toka alfajiri, usimwambie mtu, majangili wasije wakasikia."

Nyamizi akatoka alfajiri. Sasa ni saa tisa alasiri, na anasikiliza.

"Mzigo umefika?" aliuliza mtu mwingine ng'ambo ya mbao, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kujibiwa haraka.

"Umefika, bosi. Uko stoo. Kaja nao mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mke wangu."

Kiti kikalia, kama mtu amegeuka.

"Wewe Onesmo una roho. Mkeo?"

"Ndiyo salama yetu, bosi Theonest. Mimi sijaugusa. Ametoka nao Mhunze, kule kwetu, kaupakata kwenye mabasi mawili, konda kamwona, abiria wamemwona. Likitokea la kutokea, aliyeonekana nao ni yeye."

Nyamizi alihisi gauni linalowa kifuani. Maziwa. Mtoto hajalia, hajaomba kunyonya, maziwa yanatoka yenyewe, kama vile mwili umesikia kabla ya akili.

"Na neno letu?" Onesmo aliuliza.

"Neno letu liko palepale. Mganga amesema magamba yatolewe mnyama akiwa hai, yafukiwe mdomoni mwa duara, pale shimo la dhahabu linapoanzia. Duara langu likianza kutoa, wewe si kibarua tena. Una hisa."

"Ahsante, bosi."

Alisema ahsante. Nyamizi alilisikia lile neno vizuri kuliko mengine yote.

Simu yake ikatetemeka ndani ya kanga. Mama mkwe. Akaipokea kwa kunong'ona.

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie. Uko wapi?"

"Niko Geita, mama. Nimemleta mgeni kwa Mzee Masalu, kama alivyosema Baba Mariana."

"Masalu yupi? Masalu yuko hapa mbele yangu, amekalia kigoda tangu asubuhi. Kijiji kizima kiko uwanjani. Maji yamewekwa, mtama umewekwa, mshale umewekwa. Mgeni ndiye hayupo."

"Mama..."

"Mwanangu kanipigia analia. Anasema umemtoroka, umekwenda kumwuza mgeni wetu kwa wenye dhahabu."

"Mama, aliyeniita huku ni yeye."

"Mayu, mama yangu," mama mkwe akasema, na sauti yake ikalegea, ikawa mbaya zaidi kuliko ilipokuwa kali. "Mimi nilikupenda gete, kweli kweli. Siku uliyojifungua ni mimi niliyekukanda. Sikujua nalea nini."

Simu ikakatika.

Basi hapo, msomaji, hesabu mwenyewe. Nyumbani ni mwizi. Hapa alipo ni mtu aliyekutwa na nyara za serikali. Kwenye darasa la jioni analosoma kijijini, mwalimu aliwahi kuwasomea gazeti: mtu kafungwa miaka ishirini kwa magamba ya kakakuona yaliyojaa mfuko mmoja wa rambo. Siku ile Nyamizi aliandika neno "nyara" kwenye daftari, akalipigia mstari kwa kuwa lilikuwa geni. Leo liko kwenye kapu lake, linapumua.

Miaka ishirini. Mariana atakuwa mtu mzima, na hatamjua mama yake.

Akasimama. Akachukua kapu. Akausukuma mlango wa chumba cha pili kwa goti.

Theonest alikuwa mwanamume mfupi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, viatu vina vumbi jekundu la machimbo. Alikuwa anamenya chungwa.

"Shikamoo," Nyamizi alisema, kwa sababu alilelewa.

"Marahaba," Theonest akajibu, kwa sababu naye alilelewa. Kisha akakumbuka mambo yalivyo, akaliweka chungwa mezani.

Onesmo alikuwa amesimama dirishani. Rangi ilimtoka, ikarudi, akatabasamu.

"Mama Mariana. Umefika salama? Mtoto hajasumbua njiani?"

"Siku hizi shimoni kuna madirisha?"

"Nilikuwa nataka nikueleze."

"Nieleze."

"Siyo mbele ya watu."

"Mimi umenieleza mbele ya kijiji kizima, Baba Mariana. Mama yako amenipigia sasa hivi. Nieleze hapa hapa."

Onesmo akatazama chini. Alikuwa mzuri hata alivyotazama chini, ndiyo taabu ya wanaume wa namna hii.

"Miaka sita naingia kwenye lile shimo," alisema. "Wenzangu wamejenga. Mimi nina kikohozi tu. Hisa moja, Nyamizi. Nyumba ya tofali, wewe umalize masomo yako ya jioni ufanye mtihani. Nimefanya kwa ajili yenu."

"Na jela? Hiyo ulipanga kwa ajili ya nani?"

Onesmo akaishusha kofia hadi machoni.

"Dada," Theonest akaingilia, "mambo ya ndoa mtayamaliza kwenu. Weka kapu chini. Abdulshakur! Njoo na kisu, na ile ndoo ya maji ya moto."

Abdulshakur, mlinzi wa geti, akachungulia mlangoni, kipande cha muwa shavuni.

"Bosi, maji ya moto nimeweka. Lakini mimi hapa niliajiriwa kulinda geti. Kuchuna sikuandikiwa."

"Nani kakuuliza ulichoandikiwa?"

"Nasema tu, bosi. Watoto wangu wanakula kwa mikono hii."

Wakiwa wanabishana ndipo Nyamizi alipoliona panga. Lilikuwa limeegemezwa ukutani nje ya mlango, ubapa wake unang'aa kwa utomvu wa muwa. Na kwenye ule utomvu, kutoka ncha hadi mpini, msururu wa sisimizi.

Kakakuona anakula nini, msomaji? Watoto wa Kishapu wanajua.

"Bosi," Nyamizi alisema taratibu, "mganga wako alikwambia umwulize mgeni kwanza?"

"Nimwulize nini?"

"Amekuja na nini. Kwetu hatumgusi kabla hajasema. Kama amekuja na mvua, sawa. Kama amekuja na shibe, sawa. Lakini kama amekuja na damu, na wewe ukamfukia kwenye duara lako, umefukia nini?"

Theonest akalitazama kapu. Hakuna mwenye duara asiyeogopa neno damu. Chini ya ardhi wapo vijana wake kumi na wawili saa hii, na juu yao kuna magogo tu.

"Onesmo, kwenu ni hivyo?"

"Ni hivyo, bosi, lakini..."

"Lakini nini?"

Onesmo akafungua mdomo, akaufunga. Aliweza kumsaliti mkewe, aliweza kumdanganya mama yake, lakini kuikana mila ya mgeni kulimshinda. "Hakuna lakini," alisema. "Ni hivyo."

"Haya. Mwulize," Theonest akamwambia Nyamizi. "Upesi."

Bakuli la maji likaletwa. Abdulshakur akatoa wali wake wa mchana, akauweka sakafuni kwa uchungu wa mtu ambaye hajala.

"Na silaha," alisema Nyamizi.

Theonest akapeleka mkono kiunoni, kwenye bastola.

"Hiyo hapana, bosi. Anataka chuma cha mkono. Lile panga pale nje linatosha."

Likaletwa, likalazwa sakafuni. Nyamizi akapiga magoti, akafunua kaniki, akamtoa mgeni kwa mikono miwili kama anavyomtoa Mariana kwenye beseni. Akamweka chini. Akarudi nyuma.

Theonest alishika pumzi. Kwa muda mrefu kile kimpira cha magamba kilikaa tu. Halafu pua ikatoka, nyembamba, inanusa. Likafuata jicho dogo. Akajikunjua, akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mzee anayeingia kanisani kwa kuchelewa.

Akalipita bakuli la maji. Akaupita wali.

Akafika kwenye panga, akainama, akatoa ulimi mrefu kama uzi, akaanza kulilamba kutoka ncha hadi mpini.

"Yesu Maria," alisema Theonest, akarudi hadi mgongo ukagonga ukuta.

Mimi na wewe tumewaona sisimizi. Yeye aliona mnyama anayelamba panga.

Moyoni Nyamizi aliomba radhi. Nisamehe, mgeni. Nimekusemea jambo ambalo hukulisema.

"Ondoeni hiki kitu uwanjani kwangu," Theonest alisema. Tayari alikuwa ameshika funguo za gari. "Leo mimi sijafika hapa. Abdulshakur, nimefika hapa?"

"Hujafika, bosi."

"Na wewe Onesmo, kwenye duara langu nisikuone. Unaniletea damu mpaka mezani."

"Bosi, neno letu..."

"Neno gani? Mimi na wewe tumewahi kuongea?"

Gari likanguruma, likatoka, vumbi likabaki limening'inia getini.

Nyamizi akamrudisha mgeni kapuni, akamfunika. Mariana akaamka, akaanza kulalamika. Akamhamishia mbele, akaketi kwenye ngazi, akamnyonyesha.

Onesmo alichuchumaa mbele yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa machozi kweli, mimi siwezi kumsingizia.

"Nilipotea," alisema. "Nilipotea, mke wangu. Lile shimo linaingia kichwani."

Nyamizi akamgeuzia Mariana titi la pili.

"Unataka nifanye nini? Sema chochote."

"Nakwenda kwa askari wa wanyamapori," alisema. "Mwenyewe, kwa miguu yangu. Nawakabidhi mgeni, nawaeleza yote. Simu yako, Mzee Masalu, bosi wako, maji ya moto. Yote. Mwalimu wetu alisema anayejisalimisha anasikilizwa."

Onesmo akatazama geti. Akapangusa macho kwa kiganja.

"Sawa," alisema. "Ni haki. Lakini hutakwenda peke yako. Nitasimama mimi niseme ni mimi niliyekuita. Kwa kinywa changu."

"Kweli?"

"Nitazame. Kweli."

Akamtazama. Aliuona uso ule wa siku ya kwanza, kwenye mnada wa Mhunze, kijana aliyemnunulia miwa akaona haya kumpa mkononi. Wewe unayesoma unaweza ukamcheka. Lakini wewe hukulala na yule mtu miaka minne, hukumwona usiku wa homa ya mtoto amekesha na kitambaa cha maji.

"Kaa hapa unyonyeshe," alisema Onesmo. "Mtoto hawezi kutembea na njaa, na wewe pia hujala. Natafuta bodaboda mbili. Dakika kumi."

Akambusu Mariana utosini. Akatoka. Baada ya dakika tatu akarudi mbio na maandazi mawili na paketi ya maziwa, akaviweka kwenye ngazi, akatoka tena.

Nyamizi akala andazi moja. La pili akampa Abdulshakur.

"Shemeji kajirudi," alisema Abdulshakur, akitafuna. "Wengine hawajirudi."

"Nyie mnamjua mtu wa kazini. Mimi namjua wa nyumbani," alisema Nyamizi, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akacheka kidogo.

Akaanza kupanga maneno, kama wanavyopanga insha darasani. Naitwa nani. Natoka wapi. Nilimwona mnyama huyu siku gani, shambani. Mtendaji anajua. Atawaomba askari wampigie mtendaji simu. Kisha wampigie mama mkwe, wampe na yeye aongee: Mama, mgeni yuko salama. Kesho watapanda basi wote watatu. Hata kama Onesmo atashikiliwa siku mbili tatu kwa ile simu yake, atamletea chakula. Atamsubiri. Nyumba ya tofali itakuja tu, mtu hafi kwa kulala kwenye ya udongo.

Dakika kumi zikawa ishirini.

Lililoingia getini halikuwa bodaboda. Lilikuwa gari la serikali, la kijani, na askari wawili wa wanyamapori nyuma. Mbele, pembeni ya dereva, alikuwa ameketi Onesmo.

Nyamizi alisimama akitabasamu. Nitaficha nini? Alitabasamu kweli. Alidhani amewaleta askari ili yeye na mtoto wasichoke kwa safari.

Askari wa kike akashuka wa kwanza.

"Nani hapa anaitwa Nyamizi?"

Kabla hajajibu, Onesmo alikwisha kunyoosha kidole.

"Ni huyu hapa, afande. Ni mke wangu, inaniuma kusema. Mama alinipigia kutoka Kishapu kwamba ametoroka na mnyama wa kijiji. Nikaacha kazi Nyarugusu nikamfuatilia mpaka hapa. Kapu ni lile pale kwenye ngazi, chini ya kaniki."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Nyamizi muda mfupi, kama taa iliyosahaulika kuzimwa.

"Baba Mariana," alisema. "Ulisema kwa kinywa chako."

"Unaona, afande? Hata haniangalii."

Alikuwa anamwangalia. Alikuwa haangalii kitu kingine chochote.

Askari wa kiume akafunua kaniki, akaona, akaandika. "Nani mwingine alikuwepo?"

Nyamizi akageuka kwa Abdulshakur. "Kaka, waambie. Bosi wako alikuwa hapa. Maji ya moto bado yako kwenye ndoo. Waambie nani aliniita."

Abdulshakur alikuwa bado ana punje za andazi ndevuni. Alitazama ndoo. Alitazama geti.

"Mimi nalinda geti tu, afande," alisema. "Huyu dada aliomba kupumzika kivulini. Zaidi ya hapo sijui."

"Mama, tunaondoka," alisema askari wa kike. Hakuwa mkali. "Maelezo yako utayatoa ofisini, utasikilizwa."

"Nina maelezo mengi."

"Utayatoa yote."

Pingu zikatoka. Na Onesmo akasogea mbele, akavua kofia, akaongea kwa unyenyekevu kama mtu aliye msibani.

"Afande, naomba jambo moja. Mtoto asiingie mahabusu. Mtoto ni wangu, jina langu liko kwenye cheti. Naomba nibaki naye. Kwa mama yangu Kishapu wanamsubiri."

Nyamizi alirudi nyuma hatua moja, akaishika kanga kwa mikono miwili.

"Bado ananyonya," alisema. "Afande, huyu bado ananyonya."

Askari wa kike alimtazama mama, akamtazama baba, akalitazama kapu. Akapumua.

"Fungua kanga, mama."

Onesmo akasogea, akanyoosha mikono. Na Mariana, aliyeshiba, ambaye kwa wiki tano alikuwa hajamwona baba yake hadi leo, akamtazama, akacheka hadi fizi zikaonekana, akamnyooshea mikono yote miwili.